Pointi 17: uchambuzi wa mechi ya mwisho ya kundi, wasichana chini ya miaka 16

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya makocha, mameneja na wasaidizi wanaosafiri na timu za taifa za vijana za mpira wa kikapu. Nilikuwa kwenye benchi kama kocha msaidizi, na takwimu zilikuwa kazi yangu. Nchi, mji, mwaka na majina nimeyaondoa. Matokeo ya baadhi ya mechi nimeyasogeza kidogo ili yasitambulike, ila hesabu iliyotutoa imebaki ileile. Timu nitaziita Sisi, Wenyeji, Bluu na Kijani.

Mazingira

Nchi za ukanda wetu ziko Kanda ya Tano ya FIBA Afrika, tawi la Afrika la shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Sudan Kusini na nyinginezo, na Misri nayo imo. Mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 16 yalianza 2009 na hufanyika miaka ya witiri. Kwa kawaida timu zetu huyafikia kwa kufuzu kupitia kanda. Timu mbili za juu za Afrika huenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Kwa hiyo binti wa miaka 15 aliyejifunza kudunda mpira kwenye sakafu ya saruji ya shule, ringi haina wavu, ana njia ya kufika huko, na njia yenyewe huanzia kwenye mashindano ya siku nne tano ya kanda.

Tulikuwa na wachezaji 12. Tisa kati yao walikuwa hawajawahi kushika pasipoti. Kambi ilichukua wiki tatu, safari ikawa ya basi usiku kucha, na tulifika siku moja kabla ya mechi ya kwanza. Benchi la ufundi tulikuwa watatu: kocha mkuu, mimi, na meneja ambaye ndiye aliyehudhuria mkutano wa ufundi jioni ya kuwasili. Pale hukaguliwa pasipoti na rangi za jezi, na kanuni za mashindano husomwa. Meneja alirudi na karatasi zote zikiwa sawa. Hakuna aliyemuuliza timu zikilingana inakuwaje, na yeye hakuwa na sababu ya kulitaja.

Mfumo ulikuwa mwepesi. Timu nne, kila moja inakutana na wenzake wote, mbili za juu zinacheza fainali, na bingwa anachukua tiketi. Ushindi pointi 2, kufungwa pointi 1, na anayesusia mechi hapati kitu.

Siku mbili za mwanzo

Mechi ya kwanza tuliwafunga Bluu 61 kwa 49. Zikiwa zimebaki dakika tatu tulikuwa mbele 59 kwa 41, na kocha mkuu akawatoa watano wa mwanzo wote akawaingiza wale ambao hawakuwa wamegusa uwanja. Wakafunga 2, wakafungwa 8. Nakumbuka mmoja wao alirusha mpira wake wa kwanza kwa jezi ya taifa ukapita chini ya ringi bila kugusa kitu, naye akarudi kujilinda akiwa anacheka. Tofauti ikashuka kutoka 18 hadi 12. Hakuna kwenye benchi aliyeijali.

Siku ya pili tuliwafunga Kijani 88 kwa 31. Kijani ndio kwanza walikuwa wanaanza kuleta timu ya wasichana, na tuliwaheshimu kwa kuja. Jioni ileile Bluu wakawafunga Wenyeji 58 kwa 51 mbele ya watu wao. Wenyeji nao walikuwa wamewafunga Kijani siku ya kwanza.

Uamuzi wa mezani

Asubuhi ya siku ya tatu tulikaa mezani na chai na chapati kupanga mechi yetu na Wenyeji. Bluu walikuwa wanacheza na Kijani mchana, na hakuna aliyetarajia wafungwe. Sisi tulikuwa na ushindi mara mbili. Mchezesha timu wetu, yaani mchezaji anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi, kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba kidogo, na senta alikuwa amecheza dakika nyingi siku zote mbili. Fainali ilikuwa kesho yake.

Meneja akasema, "Tuna 12 za Bluu na 57 za Kijani, jumla 69. Hata tukifungwa leo, nani atatufikia?" Kocha mkuu akanitazama. Nikakubali kwa kichwa. Tukaamua wale wawili wapumzike kipindi chote cha kwanza, waingie tu ikibidi.

Nataka msomaji aone kwamba uamuzi ule haukuwa wa dharau. Kumlinda mtoto mwenye kifundo kilichovimba ni jambo jema, na kuitazamia fainali ni kazi ya kocha. Ubovu ulikuwa kwenye namba 69. Sote watatu tumelelewa na mpira wa miguu. Kwenye ligi tunazozifuatilia tangu utotoni, timu zikilingana pointi mara nyingi huangaliwa magoli ya mechi zote. Tukaichukua akili hiyo tukaiingiza kwenye kikapu bila kuiuliza kitu.

Kanuni za FIBA hazisemi hivyo. Timu zikilingana, huhesabiwa kwanza mechi baina yao tu. Bluu wakiwafunga Kijani na Wenyeji wakitufunga sisi, timu tatu zingekuwa na ushindi mara mbili kila moja, na mechi za Kijani zingewekwa kando zote. Kati ya hizo tatu kila moja ingekuwa imeshinda mara moja na kufungwa mara moja, kwa hiyo ingeamua tofauti ya pointi katika mechi hizo. Zile 57 zilikuwa hazina thamani hata ya pointi moja. Akiba yetu ilikuwa 12.

Mechi

Wenyeji waliingia kama watu wenye deni. Walitukaba uwanja mzima tangu mpira wa kwanza, na bila mchezesha timu wetu tulipoteza mpira mara tatu kabla hatujavuka mstari wa katikati. Robo ya kwanza 18 kwa 8. Mapumziko 33 kwa 17.

Tuliwarudisha wale wawili mwanzoni mwa robo ya tatu, lakini kuingia kwenye mechi ukiwa umepoa, ukumbi mzima ukiimba dhidi yako, si jambo la dakika moja. Tofauti ikaendelea kupanuka.

Katikati ya robo hiyo mchezaji wetu wa akiba, msichana mtulivu ambaye husema mara mbili kwa siku, alinigusa bega. "Mwalimu, mbona wale wanahesabu?"

Nikageuka. Bluu walikuwa wamemaliza mechi yao mchana, wameshinda, na sasa walikuwa wamekaa safu ya tatu nyuma ya meza ya waamuzi. Kocha wao alikuwa na daftari magotini. Kila Wenyeji walipofunga, mabinti wa Bluu waliinua vidole. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Hawakuwa wanashangilia Wenyeji, walikuwa wanafuatilia tofauti.

Nilifungua kitabu cha kanuni kwenye simu, nikaenda kwenye kiambatisho cha upangaji wa timu, nikaandika nyuma ya karatasi ya takwimu: Sisi na Bluu, jumlisha 12. Bluu na Wenyeji, jumlisha 7. Sisi na Wenyeji, hii inayoendelea. Bluu wamesimama kwenye kasoro 5, kwa sababu walifungwa kwa 12 wakashinda kwa 7. Sisi tuna 12 kutoa tutakachofungwa. Tukifungwa kwa 16 tunabaki na kasoro 4 na tunapita. Ubao ulisomeka 50 kwa 28 robo ya tatu ilipoisha. Tofauti 22.

Nikamwambia kocha mkuu: "Tukifungwa kwa 16 au chini ya hapo tunapita. Zaidi ya hapo tumetoka." Hakunilaumu. Akawaita mabinti, akawaambia wasitazame ubao wa kushinda, watafute pointi 6 tu ndani ya dakika 10.

Robo ile ya nne ndiyo bora niliyowahi kuiona timu ya vijana ikicheza. Mchezesha timu alikuwa anachechemea mpira ukisimama, na ukianza tena hachechemei. Senta alichukua ribaundi, mipira iliyokosa ringi, huku ameshikwa mikono miwili. Zikiwa zimebaki sekunde 33 ubao ulisoma 61 kwa 44, mpira wa Wenyeji. Tukajilinda bila faulo sekunde zote 24 ambazo timu hupewa kushambulia. Muda wao wa kushambulia ukaisha, honi ikalia, mpira ukawa wetu. Zilibaki sekunde 9.

Dakika moja ya taimauti

Kocha mkuu aliomba taimauti. Ndani ya dakika mbili za mwisho, timu yenye mpira inaruhusiwa baada ya taimauti kurushia mpira kutoka upande wa mbele, karibu na ringi ya wapinzani, na ndivyo alivyochagua. Kisha akaniuliza mbele ya wasichana: "Mwalimu, hapa tunapita au hatupiti?"

Tofauti ilikuwa 17. Nilitazama karatasi yangu. Kwa 17 tunakuwa na kasoro 5, sawa na Bluu. Nikashuka kwenye orodha ya vigezo: tofauti ya pointi baina yao, imelingana. Kinachofuata, pointi za kufunga katika mechi baina yao. Bluu walikuwa na 49 na 58, jumla 107. Sisi 61 na 44, jumla 105.

Nikasema: "Hatupiti. Wanatuzidi kwa pointi 2 za kufunga. Tunahitaji kikapu kimoja, chochote kile."

Akachora. Mrushaji wetu bora azunguke nyuma ya senta, apokee kona ya kulia, arushe. Wengine wanne wote waende kwenye ribaundi. Kwa taarifa niliyompa, mchoro ule ulikuwa sahihi kabisa: kama tumeshatoka, hakuna cha kulinda nyuma.

Mpango ulifanyika vizuri kuliko mazoezini. Binti alipokea akiwa huru, akarusha zikiwa zimebaki sekunde 4. Mpira uligonga ringi upande wa mbele ukaruka mbali, juu ya vichwa vya wote waliokuwa wameingia ndani. Mlinzi wa Wenyeji akaudaka, akapiga pasi moja ndefu. Mwenzake alikuwa peke yake. Akauweka kwenye ringi, na honi ikalia mpira ukiwa unashuka kwenye wavu. 63 kwa 44.

Matokeo

Wenyeji na Bluu walikwenda fainali. Sisi tulicheza na Kijani kuwania nafasi ya tatu, tukashinda, na sina la ziada la kusema juu ya mechi hiyo.

Kilichoumiza zaidi kilikuja nusu saa baadaye. Nilimfuata kamishna wa mchezo, si kulalamika, bali kuhakikisha hesabu. Nilimwonyesha karatasi. Akaisoma polepole kwa ncha ya kalamu hadi kwenye mstari wa 107 kwa 105, akasimama hapo. Akaniambia kwa upole kwamba mstari ule haukutakiwa kuwepo. Kwa 17 tungepita.

Kiambatisho kile kina kifungu kinachofuata baada ya orodha ya vigezo, na mimi nilikuwa nimeishia kwenye orodha. Kinasema kwamba katika hatua yoyote, timu moja au zaidi ikishapata nafasi yake, utaratibu unaanza upya tangu mwanzo kwa timu zilizobaki. Kwa tofauti ya 17, Wenyeji wangekuwa na jumlisha 10, wamejitenga, wa kwanza. Tunabaki wawili, Sisi na Bluu, wote kasoro 5. Hapo kanuni haishuki kwenda kwenye pointi za kufunga. Inarudi juu kabisa na kuuliza: kati ya hawa wawili, nani alimfunga mwenzake? Sisi, siku ya kwanza, 61 kwa 49.

Tulikuwa tumeshafuzu fainali ule mpira ulipokuwa mikononi mwetu. Ilikuwa ni kuushika sekunde 9.

Uchambuzi

Makosa yalikuwa mawili, na nayatenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti. La asubuhi lilikuwa la kutojua: hakuna aliyefungua kitabu. La jioni lilikuwa la kujua nusu, na hilo ndilo lililotutoa. Asubuhi tulipoteza robo tatu za mechi, lakini mabinti walizirudisha wenyewe. Kosa langu la sekunde 9 halikuwa na wa kulirudisha.

Tazama pia jinsi taarifa moja ilivyozaa makosa mawili ya uwanjani kwa mpigo. Kwa kuwa nilisema hatupiti, kocha aliagiza mrusho. Na kwa kuwa nilisema hatupiti, hakubakiza mtu nyuma. Mtu akitazama video bila kujua mazungumzo ya benchi atamlaumu kocha mkuu kwa kupeleka watu wote mbele. Angekuwa anakosea. Kocha aliamua vizuri juu ya neno baya, na neno lilikuwa langu.

Kuhusu kumpumzisha mchezesha timu, naona bado ilikuwa haki, ila kwa sababu ya kifundo chake tu. Kumpumzisha senta aliye mzima kulitokana na 69 ya bandia. Laiti tungepiga hesabu usiku uliotangulia, tungegundua na jambo la pili lenye uzito uleule: Wenyeji hawakuwa wanahitaji ushindi tu. Wakitufunga kwa 1 au 2 wangetoka wao. Kwa 2 wangelingana na Bluu kwenye kasoro 5, na Bluu ndio waliowafunga. Walihitaji angalau 3. Anayehitaji ushindi wenye kima haanzi mechi polepole, na kule kukaba uwanja mzima kuliotushangaza kulikuwa kumeandikwa kwenye hesabu tangu jana yake.

Nimeulizwa mara kadhaa kuhusu zile dakika tatu za mwisho dhidi ya Bluu. Wapo wanaosema tungebakiza watano wa mwanzo, tungeshinda kwa 18 badala ya 12, na mjadala wote usingekuwepo. Kwa namba ni kweli. Mimi sikubaliani nao. Ni mashindano ya watoto wa miaka 15, na kumsafirisha binti usiku kucha ili akae benchi siku nne kwa ajili ya pointi 6 zisizojulikana kama zitahitajika ni kumtumia. Wale saba walistahili uwanja. Nisichokitetea ni kwamba tulifanya hivyo bila kujua bei yake. Kocha anayejua bei na bado akawaingiza, huyo nitasimama naye popote.

Bluu wanastahili sifa. Walicheza mapema kwa sababu ukumbi ulikuwa mmoja na mechi za mwisho hazikuweza kuchezwa kwa wakati mmoja, lakini faida hiyo ingekuwa bure kama kocha wao asingekuwa na daftari. Alikuja na hesabu yake mkononi, na hata watoto wake waliielewa.

Jambo la mwisho ni la wasichana wenyewe. Kwenye basi la kurudi hotelini yule mrushaji aliuliza, "Mwalimu, nisingerusha tungepita?" Kocha mkuu alitaka tumfiche. Nilimwambia kweli: ndiyo, tungepita, na aliyekuambia urushe ni mimi, na mrusho wenyewe ulikuwa mzuri. Kisha nikasimama katikati ya basi nikawaeleza wote. Mlezi wa timu alidhani nimewaongezea uchungu usiku ule, na huenda ni kweli. Lakini habari ile ingewafikia tu kupitia mabinti wa timu nyingine, na ingefika ikiwa na jina la mrushaji, si langu.

Tulichobadilisha

Sasa hesabu hufanywa usiku kabla ya mechi ya mwisho ya kundi, na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha hulinganishwa. Yakitofautiana, kitabu husomwa kwa sauti hadi mwisho wa kiambatisho. Meneja huuliza swali la kulingana kwenye mkutano wa ufundi na huandika jibu.

Kinachokwenda benchi si kanuni tena, ni jedwali lililokwisha kuhesabiwa, lisomwe na mtu aliyetokwa jasho. Kwa mechi ile lingekuwa mistari mitatu:

Tukishinda, au tukifungwa kwa 1 au 2: fainali ni Sisi na Bluu.
Tukifungwa kwa 3 hadi 17: fainali ni Wenyeji na Sisi.
Tukifungwa kwa 18 au zaidi: fainali ni Wenyeji na Bluu.

Mazoezini tumeongeza zoezi la sekunde 9 ambalo timu iliyo nyuma kwa 17 inatakiwa kuushika mpira tu, ipasiane, isirushe. Mara ya kwanza hawakuweza. Mchezaji akiwa nyuma mikono yake yenyewe inataka kurusha, na kumfundisha kuizuia kulichukua siku kadhaa za kambi iliyofuata.

Yule mrushaji amepanda timu ya chini ya miaka 18. Kabla ya mechi ya mwisho ya kundi huja mezani kwangu wakati wa chai, huomba kalamu, na huipiga hesabu upya mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza.